Kunawa mikono: toka nyumbani mpaka ku masomo
Usafi haukuanza na masomo. Kwetu Kivu, mbele ya kula bugali, mtoto alikuwa anamwangiaka wakubwa maji ku mikono, kisha ananawa naye. Sahani ilikuwa moja: mkono muchafu wa mtu mumoja ulikuwa shida ya wote. Masomo yakaongeza sabuni na choo. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ndoo za maji ya klori ziliwekwa ku milango ya masomo kule Beni na Butembo. Tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ikatangazwa kwamba imeisha. Lakini fundisho bila maji ni maneno tu. Wazazi, ndoo ya masomo isikauke.