Sauti Mpakani: Namba za Wasafiri katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Ukanda wa shaba unaoanzia Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuishia katika miji ya migodi ya kaskazini mwa Zambia ni nchi moja kwa miamba yake na kwa koo za watu wake, lakini ni nchi mbili kwa ramani za dola, na kila chombo cha kupelekea habari kilichofika huko kimelazimika kulipa gharama ya tofauti hiyo. Shaba yenyewe haikupata taabu kubwa. Reli iliyotoka Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kutoka hapo madini yalisafiri hadi bandarini bila kubadili jina wala mwenyewe. Umeme nao ulivuka mapema, kwa kuwa tangu mwaka 1956 bwawa la Le Marinel, ambalo sasa huitwa Nseke na ambalo limejengwa juu ya mto Lualaba si mbali na Kolwezi, lilipeleka nguvu zake hadi Kitwe, katika Zambia ya leo, miaka michache kabla bwawa la Kariba halijaanza kazi. Sauti ya mtu ndiyo iliyochelewa, na historia ya kadi ya simu ya msafiri katika eneo hili ni historia ya kuchelewa huko.

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1906, na mpaka leo umegawanyika katika wilaya mbili za mjini, Dilala na Manika. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Union Minière, kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, hospitali, shule na maghala ya chakula, na simu ilihesabiwa miongoni mwa zana za kazi, sawa na winchi au pampu, kwa hiyo ilifungwa ofisini, mgodini na katika nyumba za wakubwa. Mfanyakazi aliyetaka kumpasha habari ndugu yake wa Chingola au Kitwe aliandika barua au alimtuma mtu aliyekuwa akisafiri. Utaratibu huo haukubadilika sana baada ya mwaka 1967, mali za Union Minière zilipokwisha kuwa za serikali na kukabidhiwa kwa shirika ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Gécamines.

Simu ya umma ilikuwa chini ya shirika la posta na mawasiliano la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yaani ONPTZ, ambalo mitambo yake ilichakaa sambamba na uchumi wa nchi. Gécamines, iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilipata pigo kubwa mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, na miaka michache baadaye haikufikisha hata tani 50,000. Katika miaka hiyo ya dhiki, waya ziliponyamaza, watu wa miji ya Zaire walikimbilia kile walichokiita phonie, yaani kituo cha redio ya masafa marefu ambacho mwenyewe aliwatoza wateja ili wazungumze na jamaa zao walioitwa kwenye kituo kama hicho katika mji mwingine. Mazungumzo yalisikiwa na kila aliyekuwepo, na anayesema alilazimika kumaliza kauli yake kabla mwenziwe hajajibu. Phonie ilikuwa na sifa moja ambayo simu za baadaye ziliikosa: mawimbi yake hayakujua mpaka wala bei ya nchi ya pili.

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba katika nchi hiyohiyo, na katika zama hizohizo za waya mbovu, ndimo ulimozaliwa mmoja wa mitandao ya kwanza ya simu za mkononi barani Afrika. Telecel, iliyoanzishwa Kinshasa na Miko Rwayitare mwaka 1986, iliwauzia mawaziri na wafanyabiashara simu zilizogharimu maelfu ya dola. Lakini mfumo wake ulikuwa wa analojia, na katika mfumo wa namna hiyo utambulisho wa mteja uliandikwa ndani ya simu yenyewe, hivyo msafiri hakuwa na kitu cha kuchomoa wala kuchomeka alipofika ugenini.

Mabadiliko yalitoka Ulaya, ambako mwaka 1987 makampuni ya simu ya nchi 13 yalitia saini mjini Copenhagen mapatano ya kujenga mfumo mmoja wa kidijitali, GSM. Mfumo huo ulitenganisha simu na mwenye simu. Utambulisho wa mteja uliwekwa katika kadi ndogo, ambayo wakazi wa Lualaba huiita kwa neno la Kifaransa puce na Watanzania huiita laini, na kila kadi ikapewa namba ya utambulisho ya kimataifa inayoanza na tarakimu tatu za nchi yake: 630 kwa Kongo, 645 kwa Zambia, 640 kwa Tanzania. Simu inapowashwa ugenini, mnara wa kigeni huzisoma tarakimu hizo, hutambua mgeni ametoka wapi, kisha huuliza daftari kuu la mtandao wa nyumbani kama mtu huyo anajulikana na kama deni lake litalipwa. Jibu likiwa la kuridhisha, jina lake huandikwa katika daftari la wageni. Huduma hii ndiyo iitwayo rominga, na makubaliano ya kwanza ya aina hiyo yalifungwa mwaka 1992 kati ya kampuni moja ya Finland na Vodafone ya Uingereza.

Kwa hesabu, rominga ni mkopo. Mtandao wa ugenini humhudumia mtu usiyemjua na kumpelekea bili mwenziwe wa mbali, na kila mmoja huongeza chake juu ya bei. Zaidi ya hayo, anayempigia msafiri hupiga namba ya nyumbani, kwa hiyo simu huenda kwanza nchi ya nyumbani na kutoka huko hutumwa tena ugenini, na gharama ya kipande hicho cha pili humwangukia anayepokea. Hivyo fundi wa Kolwezi aliyekuwa Kitwe, akipigiwa na mtu aliyesimama naye katika mtaa uleule wa Kitwe, angelipia safari ya kurudi ya sauti iliyokwisha kwenda hadi Kongo, na katika miaka ambayo mawasiliano mengi kati ya nchi za Afrika yalipitishwa Ulaya kwa setilaiti, safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko inavyodhaniwa. Isitoshe, huduma hiyo ilikusudiwa wenye mikataba ya kulipa mwisho wa mwezi, ilhali karibu wateja wote wa Afrika walinunua muda wa maongezi kwanza ndipo wakazungumza.

Celtel, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, ilifungua mtandao wake Kongo mwaka 2000, na Vodacom ikafuata mwaka 2002, mwaka uleule ambao sheria mpya ya madini iliwarudisha wawekezaji wa kigeni katika mkoa wa Katanga, ambao wakati huo ulijumuisha Kolwezi. Minara ilijengwa mahali palipokuwa na fedha, na Kolwezi, hata katika umaskini wake wa wakati huo, ilikuwa na matumaini ya fedha. Pembezoni mwa barabara za Dilala, kama kwingineko nchini, palichipuka kabine, yaani meza yenye mwavuli ambapo mtu asiye na simu alilipia dakika moja au mbili, na mwenye simu asiye na kitu alijifunza kubipa, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokewa ili mwenye uwezo apige yeye.

Tarehe 27 Septemba 2006 Celtel ilitangaza huduma iliyoitwa One Network kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja alivuka mpaka na kadi yake ya kawaida, akapokea simu bure, akapiga kwa bei ya wenyeji, na salio lilipokwisha akanunua vocha ya dukani ya nchi aliyomo na kuikwangua kama mwenyeji. Jambo hili halikuwepo popote duniani kwa wateja wa malipo ya kabla, na liliwezekana kwa sababu kampuni moja ilimiliki mitandao ya pande zote za mpaka na iliiunganisha moja kwa moja, kwa hiyo deni la mgeni lilitoka mfuko mmoja na kuingia mfuko mwingine wa koti lilelile. Washindani walijibu haraka, na Safaricom ya Kenya pamoja na washirika wake wa Tanzania na Uganda wakatoa huduma yao waliyoiita kwa jina la Kiswahili, Kama Kawaida. Juni 2007 One Network ilifika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kongo-Brazzaville na Gabon, na kufikia mwisho wa mwaka huo nchi zilizounganishwa zilikuwa 12.

Magazeti ya dunia yalisifu sana, na kwa haki. Hata hivyo, orodha ya nchi hizo ikisomwa kutoka Dilala ina pengo ambalo haliwezi kufichwa: Zambia haikuwamo. Puce ya Celtel iliyonunuliwa Kolwezi ilizungumza kwa bei ya wenyeji Brazzaville, Libreville na Nairobi, miji ambayo wachache sana wa Kolwezi walikuwa na safari nayo, lakini ilipovuka mpaka wa Kasumbalesa kuelekea Chililabombwe, Chingola na Kitwe, ambako kulikuwa na soko, hospitali na shemeji, ilirudi kuwa puce ya mgeni. Celtel yenyewe ilikuwa na mtandao Zambia, kwa hiyo umiliki haukuwa kikwazo. Wakati huo Zamtel, shirika la serikali ya Zambia, ndilo lililoshika lango la kimataifa, yaani mtambo ambao simu zote za kuingia na kutoka nchini zililazimika kupitia, na bei ya lango hilo ililalamikiwa kwa miaka mingi mpaka lilipofunguliwa kwa makampuni mengine. Ni vigumu kuyatazama mambo haya mawili bila kuyahusisha. Zambia iliunganishwa baadaye, jina la Celtel lilipokwisha kubadilishwa kuwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 mitandao hiyo ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India.

Wakati makampuni yakishauriana, watu wa ukanda walikwisha kutengeneza rominga yao. Dereva wa lori anayechukua shaba Kolwezi na kuipeleka Dar es Salaam hupita Likasi na Lubumbashi, hukaa foleni Kasumbalesa, hukata Zambia nzima hadi Nakonde, kisha huingia Tanzania kwa Tunduma, na katika njia hiyo hubeba kadi tatu. Zamani kadi zilihifadhiwa ndani ya pochi, zimefungwa kwa kipande cha karatasi, na zilibadilishwa mpakani kama fedha zinavyobadilishwa. Baadaye simu za bei nafuu kutoka Shenzhen, hasa za Tecno, zilikuja na nafasi mbili za kadi, kitu ambacho watengenezaji wakubwa wa Ulaya hawakukipa uzito kwa sababu msafiri waliyemjua wao alikuwa na mkataba mmoja na mwajiri wa kumlipia. Wakazi wa mpakani, kwa upande wao, walijua mahali ambapo mnara wa jirani hushika bila mtu kuvuka, maana mawimbi hayasimami penye kizuizi cha forodha.

Msafiri wa aina ya pili, yaani mhandisi, mkaguzi au mfanyabiashara aliyefika Kolwezi kwa ndege baada ya migodi kufufuka, aliletewa dawa nyingine: kadi ya kimataifa iliyouzwa katika viwanja vya ndege au kwa posta, na iliyokuwa na namba ya nchi ndogo kama Estonia au kisiwa cha Man. Kadi nyingi kati ya hizo zilifanya kazi kwa kupigiwa tena, maana mteja alipobonyeza namba simu ilikatika, kisha baada ya sekunde kadhaa mtambo wa mbali ulimpigia yeye na mwenziwe na kuwaunganisha, kwa sababu kupokea ugenini ni rahisi kuliko kupiga. Barani Ulaya kadi hizo ziliokoa fedha nyingi. Kongo, ambayo kwa kawaida iliwekwa katika kundi la nchi ghali, ziliokoa kidogo, na mlinzi wa lango au dereva aliyetakiwa kumpigia mgeni huyo alilazimika kupiga simu ya kimataifa kwa mtu aliye hatua 50 kutoka kwake. Wageni wengi waliishia kwenye meza ya mwavuli, wakanunua puce ya Vodacom au Airtel pamoja na yunite, yaani muda wa maongezi, kama walivyofanya madereva kabla yao.

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuondoa malipo ya kupokea simu na kuweka kikomo cha bei baina yao, na Kongo ilipopokelewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mpango huo ulikuwa na umri wa miaka minane. Lakini kufikia hapo kadi ya simu ilikuwa imebadilika maumbile. Vodacom ilipoleta M-Pesa Kongo mwaka 2012, puce iligeuka kuwa mkoba wa dola na faranga, na serikali nayo iliiona: kati ya 2020 na 2022 ada iliyojulikana kwa kifupi cha RAM ilikatwa kutoka yunite za wenye simu, mpaka malalamiko yalipoifuta. Kadi yenye fedha haiachwi wala haibadilishwi kirahisi, hata kama bei ya dakika imeshuka upande wa pili. Ndiyo maana katika simu za Dilala si ajabu jina la dereva mmoja kuandikwa mara tatu, kila moja likifuatwa na jina la nchi, na anayemtafuta huanza na namba ya Kongo, halafu ya Zambia, halafu ya Tanzania, na kwa ile inayoita hujua lori limefika wapi.