Difibrileta ya kiotomatiki

Difibrileta ya kiotomatiki ni mashine ya betri inayopima mwenendo wa umeme wa moyo na, ikibidi, kuushtua. Difibrileta ya kwanza ya kubebeka ilitengenezwa Belfast mwaka 1965 na daktari Frank Pantridge. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi, hivyo neno "kubebeka" lilihitaji ambulensi. Za leo hushikwa kwa mkono mmoja.

Kinyume na filamu, mshtuko hauwashi moyo uliozimika kabisa. Huzima mtetemo wa ovyo wa misuli ya moyo ili mapigo ya kawaida yapate nafasi ya kurudi. Mashine isipoona mtetemo huo haitoi mshtuko, ndiyo maana hata asiye mganga anaweza kuitumia.

Hutumika kwa mtu aliyepoteza fahamu na asiyepumua kawaida. Huku msaada ukiitwa, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kazi hii haingoji mashine. Mashine ikifika, huwashwa na maagizo yake hufuatwa. Kifua hufunuliwa na kukaushwa. Kibandiko kimoja huwekwa chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mgonjwa aliyelala majini huondolewa kwanza.

Mashine inapopima au kushtua, mtu yeyote asimguse mgonjwa. Baada ya mshtuko, ukandamizaji huendelea mara moja. Mashine hupima tena kila dakika 2.