Mizania ya masi

Mizania ya masi ni hesabu inayolinganisha kiasi cha mada kinachoingia katika mfumo fulani na kiasi kinachotoka au kubaki ndani yake. Ni msingi wa uhandisi wa kemikali, na ni kati ya mambo ya kwanza ambayo mwanafunzi wa fani hiyo hufundishwa. Baada ya masomo hukutana nayo tena katika mitihani ya leseni na katika kazi za kila siku kiwandani.

Hesabu hiyo hutumika katika viwanda vya sukari, saruji, mbolea, bia na dawa, na katika usafishaji wa maji. Inafaa pia kwa shughuli ndogo, kama vile kuanika kahawa uani.

Kanuni

Mizania ya masi inategemea kanuni ya kuhifadhika kwa masi: katika mabadiliko ya kawaida ya kimwili na ya kikemia, mada haiumbwi wala haipotei. Kanuni hiyo inahusishwa hasa na mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier (1743–1794), aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1789.

Kwa kila kitu kinachofuatiliwa ndani ya mfumo, mlinganyo wake ni huu:

Kilichoingia − kilichotoka + kilichozalishwa − kilichotumika = kilichoongezeka ndani

Kama hakuna mmenyuko wa kikemia, hakuna kinachozalishwa wala kutumika. Kama hali ya ndani ya mfumo haibadiliki kadiri muda unavyopita, hakuna kinachoongezeka. Hapo mlinganyo unabaki mfupi: kinachoingia ni sawa na kinachotoka.

Palipo na mmenyuko, aina za molekuli hubadilika lakini atomu za kila elementi hubaki zilezile. Kwa mfano, kilo 16 za methani zikiungua kabisa hutumia kilo 64 za oksijeni na kutoa kilo 44 za dioksidi kabonia pamoja na kilo 36 za maji. Pande zote mbili zina kilo 80.

Hatua za kutatua swali

Maswali ya mizania ya masi hutatuliwa kwa utaratibu unaofanana:

1. Kuchora mfumo na mipaka yake, pamoja na mishale ya mikondo yote inayoingia na kutoka.
2. Kuandika kwenye mchoro viwango vyote vinavyojulikana, na kuvipa herufi visivyojulikana.
3. Kuchagua msingi wa hesabu, kwa mfano kilo 100 za malighafi au saa moja ya uzalishaji.
4. Kuhesabu visivyojulikana na kuona kama kuna milinganyo ya kutosha.
5. Kuanza na kitu kinachopita bila kubadilika kiasi chake, kama kipo.
6. Kutatua, kisha kuhakiki jibu kwa mlinganyo ambao haujatumika.

Hatua ya mwisho hurukwa mara nyingi, ingawa ndiyo inayofichua makosa.

Mfano: kukausha kahawa

Mkoa wa Kagera hulima hasa kahawa ya robusta, na sehemu kubwa yake hukaushwa juani ikiwa bado na maganda. Tuseme mkulima wa Buhembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, amevuna kilo 1,000 za kahawa mbivu yenye unyevu wa asilimia 65. Anataka kuikausha hadi unyevu wa asilimia 12. Atabaki na kilo ngapi?

Kosa la kawaida ni kutoa asilimia moja kwa moja: 65 − 12 = 53, kwa hiyo kilo 530 za maji zitaondoka na kilo 470 zitabaki. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu asilimia 65 ni ya uzito wa mwanzo, na asilimia 12 ni ya uzito wa mwisho. Uzito wenyewe umebadilika.

Njia sahihi ni kuanza na kisichobadilika, yaani sehemu kavu ya tunda:

- Sehemu kavu: 1,000 × 0.35 = kilo 350
- Uzito wa mwisho: 350 ÷ 0.88 = kilo 397.7
- Maji yaliyoondoka: 1,000 − 397.7 = kilo 602.3

Kuhakiki: maji yaliyobaki ni 397.7 × 0.12 = kilo 47.7. Yakijumlishwa na kilo 602.3 zilizoondoka yanakuwa kilo 650, ambayo ndiyo asilimia 65 ya mzigo wa mwanzo.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni zaidi ya kilo 72. Mkulima anayeacha kuanika mzigo ukifika kilo 470 atakuwa na kahawa yenye maji kilo 120, yaani unyevu wa zaidi ya asilimia 25. Kahawa ya namna hiyo ikiwekwa ghalani huota ukungu. Na yule anayekausha ipasavyo huku akitarajia kilo 470 atadhani ameibiwa, kumbe kilichopungua ni maji.

Swali hilo laweza kuendelezwa kuwa mizania ya nishati. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi huhitaji takriban kilojuli 2,257. Kilo 602.3 huhitaji karibu kilojuli milioni 1.36, bila kuhesabu joto linalopotea. Anayeanika juani hupata nishati hiyo bure. Mwenye mashine ya kukaushia hana budi kuilipia.

Mifano ya viwandani

Mjini Bukoba kuna kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya papo hapo. Kwa jumla, kahawa ya aina hiyo hupatikana kwa kulowesha kahawa iliyokaangwa na kusagwa katika maji ya moto, kisha kuondoa maji katika mchujo. Kwa namba za kujifunzia tu, tuseme kilo 1,000 za mchujo zina asilimia 20 ya vitu vilivyoyeyuka, yaani kilo 200. Mchujo ukichemshwa hadi asilimia 45, unabaki kilo 444.4 na maji kilo 555.6 yanaondoka. Ukikaushwa kuwa unga wenye unyevu wa asilimia 4, zinabaki kilo 208.3 na maji mengine kilo 236.1 yanaondoka. Jumla ya unga na maji yote ni kilo 1,000.

Katika kiwanda cha sukari, kama kile cha Kagera Sugar wilayani Missenyi, kisichobadilika wakati wa kukamua miwa ni nyuzinyuzi. Ikiwa tani 100 za miwa zina asilimia 14 ya nyuzinyuzi, na makapi yana asilimia 48, basi makapi ni 14 ÷ 0.48 = tani 29.2. Makapi hayo huchomwa ili kupata mvuke wa kuendeshea mitambo.

Katika mitihani na usajili

Nchini Marekani mizania ya masi na ya nishati imo katika mtihani wa kitaaluma wa wahandisi wa kemikali unaosimamiwa na NCEES. Tangu Januari 2018 mtihani huo hufanyika kwa kompyuta ukiwa na maswali 80, na mtahiniwa hupewa kitabu cha milinganyo kwenye skrini. Kwa hiyo kukariri milinganyo humsaidia kidogo. Kinachopimwa ni uwezo wa kuchagua ule unaofaa.

Nchini Tanzania hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mhitimu hupitia mafunzo ya kazini chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kupimwa kwa usajili wa kitaaluma. Mwaka 2012 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi wao ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Katika kujifunza, kutazama jibu lililokwisha kutatuliwa hakutoshi, kwa kuwa kila hatua huonekana rahisi ikishaandikwa. Hufaa zaidi kutatua swali bila kuangalia jibu, kisha kubadilisha namba au kuuliza kinyume chake: kwa mfano, ni kilo ngapi za kahawa mbivu zinahitajika ili kupata kilo 100 za kahawa kavu? Kwa unyevu uleule wa mfano hapo juu, jibu ni 88 ÷ 0.35, yaani kilo 251.4.