Kitenzi na Waandani Wake: Funzo kutoka Mji wa Gisenyi

Mwanafunzi aweza kukariri vitenzi mia mbili vya lugha ya kigeni na bado akashindwa kuzungumza na mwenye lugha hiyo kwa dakika tano. Sababu yake si uchache wa maneno. Kitenzi hakitembei peke yake. Kina waandani wake, yaani nomino kinazozipenda na vihusishi vinavyokifuata, na mtu asiyewajua waandani hao hakijui kitenzi chenyewe. Waandani hao wametoka wapi, na mwalimu afanye nini ili mwanafunzi awazoee? Makala haya yatalitazama swali hilo katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, nchini Rwanda, ambako lugha nne zimekutana katika mdomo wa mtoto mmoja.

Gisenyi umo kandoni mwa Ziwa Kivu, na mpaka tu ndio unaoutenga na Goma, mji wa Kongo. Wajerumani walipoweka kituo chao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, walikuja na askari na wachuuzi waliotumia Kiswahili. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walileta Kifaransa, nacho kikawa lugha ya ofisi na ya shule za juu, kikaendelea hivyo hata baada ya uhuru wa mwaka 1962. Kinyarwanda kilibaki lugha ya nyumbani, na Kiswahili kikashika soko, magari na mitaa ya Waislamu. Baada ya mwaka 1994 walirejea Wanyarwanda wengi waliokulia Uganda na Tanzania, nao wakaja na Kiingereza na Kiswahili chao. Kisha, mwezi wa Oktoba 2008, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na mwaka wa masomo wa 2009 ukaanza kwa lugha hiyo. Mwalimu aliyesomea hesabu na jiografia kwa Kifaransa alitakiwa azifundishe kwa Kiingereza baada ya miezi michache tu.

Tumfikirie mwalimu huyo mbele ya ubao. Maneno mengi ya Kiingereza hayakumtisha, kwa kuwa yalifanana na aliyoyajua. Waandani wake ndio waliomsumbua. Kifaransa husema «dépendre de», kwa hiyo ulimi wake ulielekea kwenye «depend of», ilhali Kiingereza chataka «depend on». Kitenzi «écouter» hupokea yambwa moja kwa moja, lakini Mwingereza hawezi kusikiliza mtu bila «to»: «listen to». Kwa «participer à», Kiingereza kina «participate in». Katika mifano hii hakuna kanuni ya mantiki inayoweza kumwongoza mwalimu. Mazoea ya wenye lugha ndiyo yaliyoamua.

Mazoea hayo nayo yana historia. Kiingereza ni lugha ya jamii ya Kijerumani, ambayo tangu zamani iliunganisha vitenzi vifupi na maneno madogo ya kuonyesha mahali na mwendo. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia, na lugha ikawa na tabaka mbili: «continue» na «go on», «enter» na «come in», «abandon» na «give up». Tabaka la kwanza lilipendwa na vitabu na mahakama. La pili lilibaki jikoni na njiani. Basi mtu wa Gisenyi aliyesoma kwa Kifaransa hujikuta akielewa hotuba nzito kwa urahisi, kisha akakwama katika mazungumzo ya watoto. Yaliyo mepesi kwa Mwingereza ndiyo magumu kwake.

Ugumu huu haukuanza Rwanda. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alitaja miungano ya vitenzi na maneno haya madogo kuwa tatizo kubwa kwa wageni. Mwaka 1942 A. S. Hornby, ambaye alikuwa amefundisha Kiingereza nchini Japani, alichapisha huko Tokyo, pamoja na wenzake wawili, kamusi iliyomwonyesha mwanafunzi jinsi kila kitenzi kinavyoungana na maneno mengine. Kamusi hiyo haikutungwa London kwa ajili ya Waingereza. Ilizaliwa darasani, kutokana na maswali ya wanafunzi wa kigeni.

Je, mtoto wa Gisenyi ni mgeni wa jambo hili? La hasha. Amelinyonya pamoja na lugha zake mwenyewe. Tutazame kitenzi «piga» katika Kiswahili. Tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga mbizi, tunapiga kura, wala hapana anayepigwa. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, kitenzi hiki kimepewa nafasi ndefu kwa sababu ya wingi wa nomino zinazokifuata. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulifika Unguja kupitia baharini. Waswahili wakautumia neno «simu», lenye asili ya Kiajemi, na simu ikapigwa. Ilipokuja simu ya kusemea ikapigwa vilevile, na hii ya mfukoni, isiyo na waya hata mmoja, bado tunaipiga. Kifaa kimebadilika mara mbili, lakini mwandani wake ni yule yule.

Kinyarwanda nacho kina kitenzi cha namna hiyo, «gutera», ambacho miongoni mwa maana zake ni kurusha, kama mtu anavyorusha jiwe. Mnyarwanda husema «gutera ipasi» kwa kupiga pasi, «gutera urushinge» kwa kupiga sindano, na «gutera umupira» kwa kupiga mpira. Na pale Mswahili anapotega masikio, Mnyarwanda husema «gutega amatwi», neno kwa neno. Mtoto ajuaye haya hahitaji kuambiwa kwa nini Mwingereza «huchukua» picha na «hutengeneza» kosa. Yatosha kumwambia: hapo ndipo penye «piga» na «gutera» yao.

Kuhusu vihusishi, lugha zetu zina njia nyingine. Kazi ambayo Mwingereza huipa neno dogo la pembeni, sisi mara nyingi huitia ndani ya kitenzi. Kupika huwa kupikia, kama «guteka» inavyokuwa «gutekera». Tofauti yaweza kuwa kubwa kuliko umbo lake. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walipita Gisenyi wakivuka mpaka kuingia Goma. Waliikimbia nchi moja na kukimbilia nyingine. Silabi moja tu ndiyo inayotenga mahali mtu anapotoka na mahali anapotafuta usalama. Mwanafunzi anayeihisi tofauti hiyo ataelewa mara moja kwa nini «run from» na «run to» havibadilishani nafasi.

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa walimu wa Kiswahili hiyo ilikuwa heshima, lakini pia ni mzigo. Lugha inayoingia ofisini huandamwa na tafsiri za haraka, na tafsiri za haraka huvunja ndoa za maneno. Tayari twasikia watu «wakicheza jukumu muhimu», kwa kuwa Kifaransa na Kiingereza hucheza majukumu, ilhali Mswahili hutoa mchango au hushika nafasi. Twasikia watu wote «wakifanya maamuzi», na wachache tu wakikata shauri. Sisemi kwamba kila kigeni kifukuzwe, kwani «piga picha» yenyewe ilikuwa ngeni siku moja. Lakini ngeni hiyo ilipewa kitenzi na Waswahili wenyewe, hawakuiazima pamoja na kitenzi cha watu wengine.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tusifundishe kitenzi kikiwa mjane. Anayefundisha Kiingereza aandike ubaoni «listen to», asiandike «listen» peke yake. Na mwanafunzi aandike katika daftari lake, upande wa pili, namna Kiswahili na Kinyarwanda kinavyosema jambo hilo hilo. Kwa njia hiyo lugha ambayo kwa miaka mingi iliachiwa soko itaketi darasani ikiwa mwalimu msaidizi, na mtoto wa Gisenyi ataona kwamba alikuja shuleni akiwa na akiba yake.