Spika aliyekataa kusema peke yake

Anayemwona Spika wa Bunge akimwamuru mbunge aketi au atoke nje huenda asikumbuke kwamba maana ya jina hilo ni msemaji tu. Cheo kilizaliwa Uingereza, na mwenye cheo alikuwa kinywa cha wawakilishi mbele ya mfalme. Kumbukumbu humtaja Thomas Hungerford, wa mwaka 1377, kuwa wa kwanza kuitwa hivyo. Kwangu mimi, mwasisi wa kazi yenyewe ni Peter de la Mare, naiti wa Herefordshire, aliyemtangulia kwa miezi michache.

Aprili 1376 Mfalme Edward III, mzee na mgonjwa, alihitaji kodi. Wawakilishi wa majimbo na miji walikusanyika katika ukumbi wa watawa wa Westminster, wakaapa kushikamana, wakamtaka de la Mare awasemee. Walipokwenda mbele ya mabwana, baadhi yao walizuiwa mlangoni. John wa Gaunt, mwana wa mfalme aliyeongoza kikao, aliona wachache wanatosha. De la Mare hakukubali kueleza ujumbe wake mpaka wenzake wote waingie. Kisha akawashtaki mfanyabiashara Richard Lyons na Lodi Latimer, msimamizi wa nyumba ya kifalme: walihusika na mkopo wa marki 20,000 ambao hazina ilitakiwa kuulipa 30,000. Alice Perrers, kimada wa mfalme, naye akatajwa. Latimer alipotaka kumjua mshtaki wake, jibu likawa kwamba wanashtaki wote kwa pamoja. Mtu mmoja angetishwa au kuhongwa. Umma mzima ungetishwaje?

Wapo watakaosema de la Mare alitumwa, kwa kuwa alikuwa msimamizi wa mali za Edmund Mortimer, mpinzani wa Gaunt. Ni kweli, na bila mgongo huo pengine asingethubutu. Lakini Hungerford naye alikuwa msimamizi wa Gaunt, na hakufanya lolote la namna hii. Hoja nzito zaidi ni kwamba ushindi haukudumu: Gaunt aliutengua, de la Mare akafungwa katika ngome ya Nottingham. Hata hivyo silaha yenyewe, ya kushtaki kwa pamoja, ilibaki, na mwaka 1386 wawakilishi waliitumia kumwangusha chansela wa mfalme aliyemfuata Edward, Michael de la Pole. De la Mare mwenyewe aliachiwa Edward alipofariki Juni 1377. Oktoba hiyo wenzake walimchagua tena, na Bunge hilohilo likamhukumu Perrers.