Njiwa Manga na Asili Yake

Majina ya viumbe ni sehemu ya historia ya lugha, na mara nyingi jina huhifadhi habari ambayo wasemaji wenyewe wameisahau. Hivyo ndivyo lilivyo jina la njiwa manga. Manga, katika Kiswahili cha zamani, ni Uarabuni, na hasa Omani. Ndiyo sababu twasema pilipili manga, na mtu wa huko aliitwa Mmanga. Watu wa pwani walipomwita njiwa wa kufugwa kwa jina hilo, walimtenga na njiwa wa mwitu, na hua, na pugi, na ninga, ambao nchi ilikuwa nao tangu kale. Walimhesabu kuwa mgeni.

Hebu sasa tuliache jina, tumtazame ndege mwenyewe. Asubuhi karibu na soko la Majengo, mjini Dodoma, njiwa hushuka makundi kwa makundi kuokota punje za mtama na uwele. Hawana mwenyewe wala tundu. Hulala na kutaga juu ya kingo za majengo. Je, hawa tuwaite wa mwitu?

La. Mji huu ulianza mwaka 1907, Wajerumani walipokuwa wakijenga reli ya kati, na kuta ndefu za mawe na matofali ni mambo ya baadaye. Kwa njiwa huyu ukingo wa ukuta ni badala ya genge la jabali, kwa kuwa mzazi wake ni njiwa wa majabali, ambaye makao yake ya asili ni Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi hata Bara Hindi. Nyanda za kati za Tanzania hazimo. Basi njiwa wa sokoni ni mtoro wa tundu: wazee wake walifugwa, wakatoka, wakazaana bila bwana.

Kwamba aina zote za njiwa wa kufugwa ni wa mzazi mmoja, Charles Darwin alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859. Yeye mwenyewe alifuga njiwa. Alichanganya njiwa weupe pepe wenye mkia wa kipepeo na njiwa weusi wa aina nyingine, akawazalisha watoto wao tena. Na mjukuu mmoja akatoka na rangi ya buluu, kiuno cheupe na mistari miwili myeusi katika mabawa, sawasawa na njiwa wa majabali. Rangi ya babu ilikuwa imefichika, haikupotea.

Zama zetu zimeongeza ushahidi wa jeni. Mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiongozwa na Michael Shapiro, walilinganisha njiwa 361 wa aina 70 za kufugwa pamoja na makundi mawili ya wasiofugwa. Ilidhihirika kwamba njiwa wa mjini huko wana udugu wa karibu na njiwa wa mashindano ya mbio. Mtoro alijulikana kwa nasaba yake.

Lakini habari iliyotuhusu zaidi ilitoka mwaka 2018. Njiwa wengi wa mijini hawana ile mistari miwili, bali mabawa yao yana madoadoa meusi. Wachunguzi walipoitafuta asili ya madoa hayo, waliikuta kwa njiwa mwingine kabisa, mwenye mgongo wa rangi ya kahawia na ngozi nyekundu kuzunguka macho, ambaye ni mwenyeji wa Afrika kusini ya Sahara, na Tanzania yumo. Njiwa wa kufugwa alizaa naye zamani, na jeni yake ikasafiri ulimwenguni kote ndani ya matundu ya wafugaji.

Basi yule mwenye madoa anayeokota uwele Dodoma ana jina la Uarabuni, lakini vazi lake ni la Afrika. Na huenda lilirudi huku kwa njia ya ng'ambo. Jina halikusema uongo: lilieleza njia aliyojia, halikueleza damu yote aliyoichukua. Sisi tunaosoma maneno twapaswa kulikumbuka jambo hili kila tunapoona neno lenye sura ya kigeni, tukataka kuliandikia hukumu ya asili yake kabla ya kuuliza lilipita wapi, na lilichanganyika na nani.