Gakaara, Karatina na mtaji wa vitabu

Mcheza bao akiwa na mtaji, yuko tayari kula kete za mwenzake. Mfanyabiashara akiwa na mtaji, ana pesa za kuanzia kazi. Neno ni lile lile. Kila nipitapo Karatina huwaza ni maana ipi inayotawala biashara ya vitabu.

Mjini humo ndimo Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Tumutumu, alimoendeshea kiwanda chake cha kupiga chapa. Alipoanza 1946, yeye na wenzake waliunda shirika la African Book Writers. Wakati huo mitambo ilikuwa ya wengine. Nyeri, kwa mfano, wamisionari wa Consolata walikuwa wakitoa gazeti la Wathiomo Mukinyu tangu 1916. Gakaara alitaka Mwafrika aandike na auze mwenyewe. Mwaka 1948 aliandika kwa Kiswahili Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, akakamatwa. Akiwa kizuizini, kikiwemo kisiwa cha Manda, aliandika shajara kisirisiri.

Shajara hiyo ilisubiri zaidi ya miaka ishirini. Na kumbe haikutolewa na kiwanda chake! Iliitoa Heinemann Kenya, tawi la kampuni ya Uingereza, mwaka 1983, kwa Kikuyu. Mwaka uliofuata ikatwaa Tuzo ya Noma. Basi tusidanganyane: mtaji wa mgeni ulimfaa Gakaara. Lakini aliyeongoza tawi hilo, Henry Chakava, alikuwa Mkenya aliyeamini lugha zetu. Kampuni mama ilipokuwa ikiuzwa huku na huku London, Chakava aliongoza juhudi za kulifanya tawi kuwa mali ya Wakenya. Mwaka 1992 likaitwa East African Educational Publishers.

Leo kuna wanunuzi wa aina nyingine. Hukusanya pesa za mifuko ya pensheni na za matajiri, wakanunua kampuni nzima, mara nyingi kwa mkopo ambao kampuni yenyewe ndiyo hulipa, kisha wakaiuza baada ya miaka michache. Mwaka 2023, KKR ya Marekani ilinunua Simon & Schuster kwa dola bilioni 1.62.

Sisemi pesa hizo ni haramu. Zinaweza kuleta mitambo na masoko. Shida ni saa yake. Kitabu cha kiada huuzwa kila Januari. Riwaya ya Kikuyu au diwani ya Kiswahili huuzwa pole pole, nakala moja moja, miaka na mikaka. Mwenye haraka ya kuuza kampuni ataanza kwa kukata hizo.

Mtaji ukibisha hodi, tuufungulie, ila tuulize kwanza: mswada wa Kimeru au wa Kiswahili ukiletwa mezani, nani atauamua, na kitabu kitapewa miaka mingapi kujilipa?